Kogo Rael na Vibuyu vya Jirani

Mama mkwe wangu alikuja Marekani kumwona mjukuu, akaona mafuriko. Hivyo ndivyo alivyowajibu Wakenya wa kanisani kwetu walipomuuliza safari ilikuwaje, na akishasema hivyo alinyamaza, akawaacha wakitafuta la kuongeza. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mwenye maneno mengi katika nyumba hii ni mimi, ndiyo maana kazi ya kumsimulia imenifikia.

Aliitwa Rael Tabutany. Nyumbani sote, kuanzia binti yetu mdogo Jedidah hadi mimi mke wa mwanawe, tulimwita Kogo, yaani nyanya kwa Kinandi. Mimi ni Mmeru, jina langu Kanana, na Kinandi changu ni cha kuomba maji na kushukuru. Kwa hiyo mimi naye tuliongea Kiswahili, chake cha Kapsabet na changu cha Meru, kila mmoja akiamini kwamba cha mwenzake ndicho kilichopinda. Maisha yake yote alikuwa amekamua ng'ombe. Aliwakamua akiwa msichana, akawakamua akiwa mke wa mzee Arap Birech, na mzee alipofariki aliamka kesho yake akaenda kuwakamua, kwa sababu ng'ombe hawajui matanga. Kwa maziwa hayo alisomesha watoto wake, mmoja wao akiwa Kiplagat, mume wangu, ambaye ni nesi kama mimi hapa Sugar Land.

Alipotua Houston, Juni 2017, alikuwa na sanduku moja la nguo na kibuyu mkononi. Kibuyu kilikuwa cha marehemu mzee. Kwao mursik, yaani maziwa lala, hulazwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalum, mpaka maziwa yakaganda na kugeuka kijivu, na hicho cha mzee hakuna mwingine aliyewahi kukinywea. Kilikuwa cheusi kwa moshi, laini kwa kushikwa miaka mingi, kimevikwa ngozi shingoni. Kiplagat alimuuliza kwa nini hakukiacha nyumbani. Akasema nyumbani hakuna mtu wa kukiosha.

Mwisho wa Agosti kikaja kimbunga cha Harvey. Maji yalipoingia sebuleni mimi nilibeba mtoto, Kiplagat akabeba hati za nyumba, na Kogo akabeba kibuyu kichwani. Sanduku lake la nguo alilisahau kabisa, na hakuwahi kulitaja tena.

Nyuma yetu, ng'ambo ya ua wa mbao, waliishi wazee wawili Wazungu, Truett na mkewe Lorene. Tulijuana kwa kupungiana mikono. Uani kwao palisimama nguzo ndefu ya chuma, na juu yake vilining'inia vibuyu vilivyopakwa rangi nyeupe. Lorene alivipanda mwenyewe, akavikausha, akavitoboa tundu moja moja ubavuni. Zilikuwa nyumba za ndege. Kuna mbayuwayu fulani wakubwa, madume yao meusi yenye kung'aa zambarau juani, ambao hukimbilia Amerika ya Kusini baridi inapoingia na kurudi Texas kabla hata miti haijatoa majani. Huku hawajijengei mitini. Hutegemea binadamu awatundikie pa kulala, na wakishazoea mahali hurudi palepale mwaka baada ya mwaka. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba ikifika Februari yule mama hukaa kitini na darubini shingoni akitazama juu, nami nilidhani ndiyo kazi ya watu waliostaafu.

Mafuriko yaling'oa kipande cha ua uliotutenganisha. Lorene hakung'olewa na maji, ila moyo wake uliokuwa mgonjwa siku nyingi haukupona ile hekaheka, akafa Novemba. Mimi na Kiplagat tulituma kadi. Kogo aliposikia kwamba tumetuma kadi aliniangalia kama mtu aliyeambiwa tumetuma jiwe.

"Mtu amefiwa hapo nyuma tu," alisema, "na hakuna mwanamke hata mmoja ameenda kuosha vyombo?"

Nilimweleza kwamba hapa watu hawaingiliani, na matanga huisha siku ya kuzika. Akasema huo ni uvivu uliopewa jina zuri. Akapika uji, akapita penye pengo la ua, akabisha kwa Truett. Hakufunguliwa. Kesho yake akapeleka chai kwenye thamosi, akarudi nayo ikiwa imejaa. Mapazia ya nyumba ile yalifungwa na kubaki yamefungwa.

Basi akaketi dirishani msimu wote wa baridi, viza yake ikiwa imeongezwa muda, huku mafundi wakitupigilia kuta mpya. Aliwaona yangeyange wakitembea kwenye nyasi za watu, akataka kujua ng'ombe wao wako wapi. Tulipompeleka kutembea kando ya kijito alimwona mamba amelala anaota jua hatua chache tu kutoka njia ya wanaokimbia, akasema huyo hana adabu, na wanaompita wakikimbia hawana akili. Ila kilichomsumbua ni vile vibuyu. Mvua ilivinyeshea, upepo ukavigonganisha, na shomoro wakajaza manyasi ndani.

"Kibuyu kikinyeshewa nje," aliniambia, "ujue mama wa nyumba hayuko. Na hivi tena wamevitoboa."

Kiplagat, akiwa mbioni kwenda kazini, alimwambia ni mapambo ya Wazungu. Namlaumu kwa hilo hadi leo, na yeye anajua.

Kogo hakulala juu ya jambo. Siku moja mwishoni mwa Januari, mimi nimetoka zamu ya usiku na kulala kama gogo, Kiplagat akiwa kazini, alipita penye pengo, akalegeza kamba ya nguzo, akateremsha vibuyu vyote na kuvileta gereji kwetu. Alimwaga manyasi. Alivisugua kwa sosiot, ile brashi ya vijiti ya wanawake wa Kinandi, ambayo aliisafirisha kutoka nyumbani ikiwa imefungwa kwenye kibuyu. Alivifukiza moshi wa kuni. Kisha akatafuta ngozi, akaipata kwenye mshipi wa Kiplagat wa kuvaa kanisani, akaukata vipande, akashonea viraka juu ya kila tundu, kwa mishono midogo iliyobana, jinsi kwao wanavyotibu kibuyu kilichopasuka. Jioni vilikuwa vimetundikwa tena, visafi, vizima. Mfiwa amekataa kufungua mlango, basi ameoshewa vyombo alivyoviacha nje. Nilipoamka nilisikia harufu ya moshi, nikadhani amechoma nyama.

Siku chache baadaye mlango wetu uligongwa kwa ngumi. Alikuwa Truett. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona tangu msiba, amekonda, ndevu zimemwota ovyo. Alitaka kujua ni nani ameingia kwake na kushona nyumba za ndege wa mke wake. Alisema Lorene alimwomba jambo moja tu hospitalini: ndege wakirudi wakute pasafi, pako wazi. Naye alishindwa hata kutoka nje kuteremsha kamba. Alisubiri nguvu zije, na asubuhi ile alimsikia wa kwanza akiimba, akatoka mbio, akakuta kila mlango umefungwa.

Aliyasema hayo kwa sauti ya juu, na mimi mtu akinipandishia sauti huwa simwachii iende peke yake. Nilimwambia kwamba mama mkwe wangu amegonga mlango wake na uji mkononi, akaachwa amesimama nje kama mwombaji. Alisema angeita polisi. Kiplagat akatokea nyuma yangu, akanisukuma pembeni, akaomba msamaha kwa sauti ya chini sana, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, huwezi tu kuingia compound ya mtu hapa. Watu wanapigwa risasi juu ya hiyo. Watu wanaofanana na sisi, Mama."

"Nilienda kuosha vyombo vya mtu aliyefiwa," alisema Kogo. Hakuelewa kosa bado. Aliona tu kwamba mzee yule analia, naye akatoka nyuma kwenda kuangalia alichokosea.

Tulimfuata sote. Juu ya nguzo alikuwepo dume peke yake, mweusi wa kung'aa. Alirukia kibuyu kimoja, akakishika kwa kucha pale penye kiraka, akadona ngozi. Akakiacha, akashika kingine, akadona. Alivizunguka vyote, kisha akarudi kwa kile cha kwanza, akaanza upya. Kogo alimwangalia muda mrefu.

"Ni mlango?" aliniuliza.

"Ni mlango, Mama."

Alikaa chini palepale kwenye majani yenye umande, akajifunika mdomo kwa mkono. "Nimefungia mgeni nje," alisema. "Ametoka wapi huyo?"

Truett, nilipomtafsiria, alisema Brazili. Nikamwambia Kogo ni mbali, kupita maji. Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na kisu kidogo cha kumenyea viazi, akampita Truett na kulegeza kamba mwenyewe.

Ndege aliondoka vibuyu vilipoanza kushuka. Alizunguka juu ya mapaa, akaelekea upande wa kijito, na Truett akamfuata kwa macho mpaka hakuonekana tena. Alisema wakikuta pamefungwa huenda wakatafuta kwingine, na wakishapata kwingine hawarudi. Hivyo tulijua sote kilichokuwa mizanini. Mtu ameahidi mkewe anayekufa jambo moja, na jambo lenyewe limeruka likaenda zake.

Kogo aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafumua mshono mmoja mmoja. Truett akaketi juu ya ndoo nyingine akivipokea, akipitisha kidole tunduni kuona kama pamebaki uzi. Cha mwisho kilikuwa kimechakaa kuliko vingine, kimechorwa ua la buluu karibu na shingo. Ndicho Lorene alichoanza nacho. Kogo alipokivuta kiraka, ubavu wa kibuyu ulipasuka kutoka tunduni hadi chini, kikafunguka mikononi mwake. Truett hakupiga kelele safari hii. Alivichukua vipande, akaviweka mapajani, akainamisha kichwa.

Kogo akarudi nyumbani. Mimi nilidhani ameenda kulia. Kumbe alienda chumbani kwake, akatoka na kibuyu cha mzee, na Kiplagat alipomwona nacho alisimama mlangoni akaweka mkono juu ya fremu.

"Mama, hicho hapana. Tutamnunulia kingine."

"Nimevunja kibuyu cha marehemu wa mtu. Cha marehemu hununuliwa wapi?"

"Hicho ni cha Baba."

"Najua ni cha nani," alisema. "Mimi ndiye niliyekiosha. Toa mkono."

Alitoa mkono. Kogo akaenda, akakilinganisha na kimoja cha Lorene ili aone tundu likae wapi, akaweka ncha ya kisu ubavuni, akafumba macho na kuzungusha. Kwake kibuyu kilichotobolewa ni kibuyu kilichokufa, na hicho ndicho kilichovuka mafuriko kichwani pake. Kiplagat alimweleza Truett kwa Kiingereza kile ni kitu gani na kilikuwa cha nani, na mzee akashtuka, akanyoosha mikono kumzuia, lakini tundu lilikuwa limeshatoka. Wakakitundika pamoja, mahali pa kile chenye ua la buluu, cheusi katikati ya vyeupe.

Siku zilizofuata hakuna ndege aliyekuja. Truett alitoka kila asubuhi na kiti cha Lorene na darubini ya Lorene. Kogo alipita penye pengo na thamosi, na sasa chai yake ikanywewa. Walikaa hapo wawili bila lugha. Akipita kunguru Truett alimtaja jina kwa Kiingereza, Kogo akamtaja kwa Kinandi, basi. Mara moja walikuja ndege wadogo wekundu wakala mbegu, mara nyingine korongo wa kijivu akatua juu ya paa letu na kusimama kama amekodi. Mbayuwayu hawakuonekana. Kogo alianza kukataa chakula. Aliniambia kwamba kwao mtu aliyefukuza mgeni huomba msamaha kwa mgeni mwenyewe, na huyu hajui atamwomba wapi.

Kisha baridi ya kaskazini ikapita, ikaacha anga safi, na asubuhi moja narudi kutoka kazini nikasikia kelele ya ndege kama watu wanaosukutua na kucheka kwa pamoja. Nilipita nyuma bila kuvua viatu vya wodini. Walikuwa wamejaa juu ya nguzo, madume meusi na majike yenye kifua cha kijivu, wakiingia na kutoka. Truett alikuwa amesimama na darubini imening'inia tu, hana haja nayo. Kogo alikuwa amemshika mkono wa shati. Alikuwa anaongea Kinandi kwa ndege wale, haraka haraka, na sikuhitaji kufasiriwa.

Ningependa kusema waliingia kibuyu cha mzee. Hawakuingia. Walichukua vyote vya Lorene, na cheusi wakakipita. Kogo aliporudi Kenya mwisho wa Machi kilikuwa kitupu. Alimwachia Truett ile sosiot, akamwonyesha kwa vitendo namna ya kusugua, akaniambia nimweleze kwamba cha mzee nacho kioshwe kila mwaka, hata kama hakuna anayekaa.

Pengo la ua hatukuliziba. Kila Februari Kogo alipiga simu, na kabla ya kuuliza mjukuu yuko aje aliuliza, "Wameingia?" Mwaka 2019 shomoro alijaribu, Truett akamtoa. Nilimwambia hapana, Mama, bado. Akasema mzee hata akiwa hai alikuwa mgumu kukaribisha watu.

Mwaka 2020, Machi, dunia ilipofungwa, Kiplagat alikuwa anafanya kazi kwenye wodi ya wagonjwa wa korona na kulala gereji ili asituletee ugonjwa. Asubuhi moja akiwa amekaa nje peke yake aliona dume na jike wakibeba majani mabichi mdomoni na kuyaingiza kwenye kile cheusi. Alimpigia mama yake papo hapo. Nilikuwa nasikia kupitia dirishani. Kogo alicheka, kicheko kirefu ambacho sikuwahi kukisikia alipokuwa kwetu, kisha akasema, "Basi mzee amepata wageni. Msiwasumbue."

Katikati ya Aprili alianguka kando ya zizi, ndoo mkononi. Walimfikisha hospitali, hakuamka. Ndege za abiria hazikuwa zikiingia Kenya. Kiplagat aliangalia kwenye simu mama yake akizikwa, watu wachache waliovaa barakoa, picha ikikwama kila padri aliposogea, na udongo uliporudishwa mtandao ulikatika. Alikaa na simu mkononi mpaka ikajizima. Kisha akaenda penye pengo la ua, akamwita Truett, akamwomba kibuyu cha baba yake. Alisema hana kitu kingine cha kushika.

Truett alisimama mbali, barakoa usoni. Alisema anasikitika kuliko anavyoweza kueleza, lakini ndani mna mayai.

Mimi nilichemka. Nilisema mtu amenyimwa kumzika mama yake, sasa ananyimwa kibuyu kwa ajili ya ndege? Ningevuka pengo lile na kuteremsha kamba mwenyewe. Kiplagat akanishika bega.

"Wacha, Mama Jedidah. Alisema tusiwasumbue."

Basi tukangoja. Aliporudi kutoka kazini alikaa uani akiangalia lile tundu, wazazi wakiingia na wadudu, vichwa vikitokeza. Kifo alichokiona wodini miezi ile sitakiandika hapa. Nitasema tu kwamba wakati mwingine alikaa pale mpaka kiza kikaingia, na Truett alikaa upande wake, wakiwa mbalimbali jinsi serikali ilivyotaka.

Julai ndege waliondoka. Siku kadhaa baadaye tulikuta kibuyu kimewekwa juu ya kiti cha Lorene, katikati ya pengo. Kilikuwa kimesuguliwa kwa sosiot na kufukizwa moshi. Juu ya tundu palikuwa na kiraka cha ngozi kilichokatwa kutoka glavu za bustani za Lorene, kimeshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Mishono ilikuwa mikubwa, mingine imepinda, mahali pamoja damu imekauka pale sindano ilipomchoma mshonaji. Truett alikuwa dirishani kwake, pazia wazi. Aliinua mkono.

Kiplagat alimimina maziwa ndani, tukayaacha yalale siku zake. Siku ya kuyanywa yalikuwa yakivuja pale penye mshono, tone kwa tone. Akabana kidole gumba juu ya kiraka, akanywa.